William Banting: Mzee Aliyeshuka Ngazi Kinyumenyume

Katika jiji la London, katikati ya karne ya 19, jina la Banting lilitajwa zaidi nyakati za msiba. Ukoo wake ulikuwa na karakana katika mtaa wa St James's Street, mafundi wa samani na wasimamizi wa mazishi, na jumba la kifalme lilipofiwa ndio walioitwa. Jemadari Wellington, aliyemshinda Napoleon, alipozikwa kwa fahari kuu mwaka 1852, kazi ilikuwa mikononi mwao. Na mume wa malkia Victoria, Prince Albert, alipofariki mwaka 1861, waliitwa tena. William Banting, aliyezaliwa katika miaka ya 1790, alikulia katika kazi hiyo na kuifanya kwa muda wa miaka 50 hivi. Alikuwa mtu wa utaratibu, mwenye mali ya kutosha na heshima mjini. Hakuwa mlevi wala mvivu. Jambo hili inafaa lisemwe mapema, kwa sababu watu waliomtazama njiani walidhani vingine.

Tangu ujana wake aliuogopa unene. Upande wa baba na upande wa mama hapakuwa na mtu mnene, na bado hofu hiyo alikuwa nayo. Alipokuwa kati ya miaka 30 na 40 akaona mwili umeanza kuongezeka, naye hakungoja. Alikwenda kwa daktari mpasuaji aliyekuwa rafiki yake. Daktari akamshauri afanye kazi ya nguvu asubuhi kabla ya kazi zake za kila siku. Banting alikaa karibu na mto, na alikuwa na mashua nzito, imara, ya kutumia, akawa anapiga makasia kwa saa mbili hivi kila alfajiri. Misuli ikakaza kweli. Lakini njaa nayo ikaja kwa nguvu isiyo ya kawaida; akala kuishibisha, na mizani ikapanda. Mwishowe rafiki yake akamwambia aiache mashua.

Mtu yeyote wa makamo aliyewahi kuanza mazoezi kwa bidii bila kugusa sahani yake anaielewa habari hii bila kufafanuliwa. Mazoezi ni mema kwa moyo, kwa misuli na kwa sukari ya damu, na hakuna sababu ya kuyaacha. Ila hamu ya kula ina hesabu yake yenyewe, na mara nyingi hudai kurudishiwa kile kilichotumika, pamoja na nyongeza.

Baada ya mashua, Banting alijaribu kila kitu ambacho London iliweza kumpa mtu mwenye fedha. Alipelekwa kando ya bahari avute hewa na kuoga maji ya chumvi. Alipanda farasi. Alikwenda Leamington, Cheltenham na Harrogate kunywa maji ya chemchemi zenye madini, ambayo matajiri wa siku hizo waliyanywa kwa imani ile ile ambayo wengine leo hununua unga wa kuchanganya katika glasi. Alikunywa dawa nyingi mno, na miongoni mwake maji ya potashi, dawa kali yenye tabia ya magadi, ambayo baadhi ya madaktari waliamini kwamba ingeyageuza mafuta ya mwilini kama vile magadi yanavyoyageuza mafuta kuwa sabuni. Mawazo hayo hayakuwa mageni. Miaka 100 kabla, daktari mmoja Mskoti aitwaye Malcolm Flemyng alikuwa amewaandikia wanene wale sabuni yenyewe. Huko Ufaransa wasichana walikunywa siki ili wakonde, na mwandishi Brillat-Savarin alisimulia mwaka 1825 habari ya binti aliyemfahamu ambaye alikunywa siki kila siku hata akafa.

Ikaja zamu ya kujinyima. Banting alikula kidogo, chakula chepesi, na mwili ukadhoofika bila unene kuondoka. Akatokwa na majipu, mawili kati yake makubwa hata ikabidi apasuliwe. Ili apone, akalishwa vizuri, na unene ukazidi kuliko mwanzo. Mabafu ya mvuke ya Kituruki yalipokuwa jambo jipya mjini, naye aliingia. Mara za kwanza alijisikia mwepesi, akadhani sasa ameipata dawa aliyoitafuta. Akaenda mara tatu kwa juma hata akatimiza 50, kisha kwa nafasi hata akafika 90. Kwa mabafu yote 90 hakupoteza zaidi ya ratili 6, yaani chini ya kilo 3.

Daktari mmoja kati ya wale aliowaendea alimjibu kwamba kuongezeka mwili ni jambo la kawaida kwa mtu anayezeeka. Yeye mwenyewe alikuwa ameongeza ratili moja kila mwaka tangu awe mtu mzima, na hakushangazwa na hali ya Banting. Alisema kweli kwa sehemu. Ratili moja kwa mwaka ni nusu kilo tu, haionekani. Lakini kutoka miaka 30 hadi miaka 60 ni kilo 13 au 14, na nyingi hukaa tumboni, kuzunguka ini na matumbo, mahali ambapo mafuta huharibu zaidi mpango wa mwili wa kutumia sukari. Jambo kuwa la kawaida halilifanyi kuwa salama, na Banting alitoka katika chumba cha daktari yule akiwa na mzigo ule ule aliokuja nao.

Kufikia Agosti 1862, akikaribia miaka 66, alikuwa na uzito wa ratili 202, karibu kilo 92, na kimo chake kilikuwa sentimita 165. Hakuweza kuinama kufunga kamba za viatu. Kulikuwa na shughuli nyingine ndogo za mwili wake ambazo hakuzimudu bila taabu, na wenye hali kama yake wanazijua. Alivaa bandeji za magotini, na mkanda wa kuzuia ngiri ya kitovu. Kushuka ngazi ilimlazimu ageuke, ashuke polepole kinyumenyume, ili magoti yasipate mshtuko. Aliacha kwenda kwenye mikutano ya watu na kupanda magari ya abiria, maana watu walimtazama na kumtolea maneno. Aliyawazika mazimwi ya vita na watu wa jumba la kifalme mbele ya umati wa London. Sasa umati ule ule ulimtia hofu.

Kilichompeleka kwa tabibu safari ile hata hivyo ni masikio. Usikivu wake ulikuwa unapungua. Bingwa wa kwanza aliyemwona aliyatazama masikio, akayasafisha, akayapaka dawa ya kuchoma ngozi kwa nje, kisha akaenda zake likizo. Kwa kuwa hakupata nafuu, Banting akatafuta mwingine, na ndivyo alivyofika kwa William Harvey, mpasuaji wa masikio katika Soho Square. Kama yule bingwa wa kwanza asingekwenda likizo, huenda habari hii isingekuwapo.

Harvey alimpima, akamwambia kwamba shida ya masikio inatokana na unene. Alikuwa amewahi kuwa Paris akamsikiliza mwanasayansi Claude Bernard akieleza ugunduzi wake kwamba ini hutengeneza sukari na kuitoa katika damu. Akiwa njiani katika mawazo hayo, Harvey alikumbuka pia jambo ambalo kila mfugaji alilijua: ukitaka mnyama anenepe, mpe nafaka na vyakula vitamu. Basi badala ya kumwongezea Banting kitu, alimwondolea. Alimwambia aache mkate, siagi, maziwa, sukari, bia na viazi, kwa kadiri atakavyoweza.

Banting alishangaa. Hivyo ndivyo vitu alivyovila tangu utoto, na kila mtu alivihesabu kuwa visivyo na madhara. Asubuhi yake ilikuwa mkate na maziwa, au chai tele yenye maziwa na sukari nyingi pamoja na tosti zilizopakwa siagi. Mchana alikula nyama, mkate kwa wingi na vitobosha, akateremshia na bia. Jioni chai ikarudi na wenzake, na kabla ya kulala kipande cha keki ya matunda, au tena mkate na maziwa. Hakula kwa ulafi. Alikula kama majirani zake.

Mlo mpya ulipimwa kwa aunsi. Asubuhi nyama au samaki kiasi cha gramu 110 hadi 140, chai bila maziwa wala sukari, na kipande kidogo cha mkate uliokaushwa. Mchana samaki au nyama, mboga za aina yoyote isipokuwa viazi, na kipande kingine kidogo cha mkate mkavu. Alasiri matunda kidogo na chai. Jioni nyama au samaki tena, pungufu kidogo. Na kwa mchana na jioni, divai.

Msomaji wa kitabu hiki atakuwa ameshaona mahali pa kusita. Divai ile haikumsaidia Banting kwa lolote, na mtu asiichukue habari yake kuwa ruhusa. Nyama mara tatu kwa siku nayo si jambo la kuigwa, wala si lazima; protini inayomfanya mtu ashibe na kukaa muda mrefu bila kutamani chakula imo pia katika maharage, choroko, dengu na njugu, tena ikiwa pamoja na nyuzinyuzi ambazo sahani ya Banting ilikuwa nazo kidogo. Danieli na wenzake walipoomba kujaribiwa kwa siku 10 hawakuomba nyama ya mfalme. Inafaa pia kujua kwamba Banting aliamini kiasi cha chakula hakina maana, ila aina tu. Kwa vipimo vya leo, mlo wake mpya ulikuwa na nguvu pungufu sana kuliko ule wa kale. Alikuwa amepunguza kiasi bila kujua, kwa sababu vile vitu vitamu na laini vilivyoamsha hamu ya kula kila baada ya saa chache havikuwapo tena mezani.

Ukweli mwingine usifichwe: Harvey naye alimpa chupa. Kila alipoamka Banting alimeza kijiko kimoja cha dawa ya kutengeneza tumbo ndani ya maji kidogo, naye aliipenda. Lakini alipokuja kueleza kilichomponya, aliweka sifa yote kwenye chakula. Mtu aliyemeza dawa kwa miaka 30 alikuwa na kipimo kizuri cha kulinganishia.

Uzito ulianza kushuka polepole. Kutoka ratili 202 mwishoni mwa Agosti, alikuwa na 200 mwanzoni mwa Septemba, na 197 mwisho wa mwezi huo. Aliandika kila kipimo na tarehe yake, kama mtu aliyezoea kutunza vitabu vya hesabu. Septemba 1863, baada ya mwaka mmoja na siku chache, mizani ilisoma ratili 156, karibu kilo 71. Kiuno kilikuwa kimepungua zaidi ya sentimita 30. Bandeji za magoti, ambazo alikuwa amezivaa kwa miaka 20, alizivua. Mkanda wa ngiri akauacha karibu kabisa. Usikivu ulirudi. Alishuka ngazi akitazama mbele.

Kabla mwaka huo haujaisha, alikuwa ameamua kuwaambia wengine. Alifikiri kupeleka habari yake katika jarida la madaktari, The Lancet, lakini akaona halitapokea maandishi ya mtu asiye na elimu ya tiba. Hivyo mwaka 1863 akachapisha kijitabu kwa fedha zake mwenyewe, barua kwa watu wote kuhusu unene, na nakala za matoleo mawili ya kwanza akazigawa bure. (Mwaka ule ule, mwezi wa Juni, huko Otsego katika jimbo la Michigan, Ellen White alipewa njozi juu ya afya, ambayo ilikwenda mbali zaidi ya unene na kugusa maisha yote. Wawili hao hawakujuana.)

Toleo la tatu aliliuza, kwa kuwa wenye kulitaka walikuwa wengi mno. Barua zilimjia kwa mamia. Jina lake likawa neno la mitaani: mtu akiacha mkate na sukari, wenzake walisema anafanya Banting. Magazeti ya vichekesho yalimchora, nyimbo za mzaha zikatungwa. Madaktari walikuwa wakali zaidi. The Lancet lilimwambia aachane na mambo ya tiba na kushika yaliyo yake, na Harvey, aliyekuwa daktari halali, alidharauliwa na wenzake kwa sababu mgonjwa wake amekuwa maarufu kuliko hoja yake. Lawama nyingine zilikuwa na haki. Hapakuwa na jaribio lolote, ila mzee mmoja na mizani yake. Na nadharia ya Harvey kuhusu ini haikueleza kila kitu. Harvey alilazimika kuboresha maelezo, na mwaka 1872 akatoa kitabu chake mwenyewe juu ya unene na magonjwa.

Lakini kulikuwa na lawama moja ambayo hawakuweza kumtwika Banting, nayo ni ya fedha. Watu walinong'ona kwamba amepata faida. Yeye akachapisha mahesabu. Faida ya kijitabu ilikwenda hospitalini na kwenye vyama vya hisani, kikiwamo chama cha kuwasaidia wachapaji wazee, na kila kiasi kilionyeshwa mahali kilipokwenda. Fikiria nafasi aliyokuwa nayo. Alikuwa na jina linalojulikana Uingereza nzima na ng'ambo, ushuhuda wa kweli, maelfu ya watu wanene waliokata tamaa, na chupa ya dawa ya asubuhi ambayo angeweza kuibandika picha yake. Hakuuza chupa hata moja.

Banting alifariki Machi 16, 1878, nyumbani kwake Kensington, akiwa na umri wa miaka 81. Alizikwa katika makaburi ya Brompton. Katika toleo la nne la kijitabu chake, lililotoka mwaka 1869, alikuwa bado akishuhudia kwamba unene haujamrudia.

Nafasi aliyoiacha ilijazwa upesi. Katika mwaka huo huo wa 1878, kampuni moja yenye makao Buffalo huko Marekani ilikuwa ikitangaza chupa iliyoitwa Anti-Fat, iliyotengenezwa kwa mwani wa kahawia wa baharini, ikiahidi kumpunguza mtu ratili 2 hadi 5 kila juma. Haikumtaka mnunuzi aache chochote. Mwani ule una madini ya joto, ambayo yakizidi huweza kuisumbua tezi ya shingo. Katika miaka ya 1890 madaktari waliona kwamba tezi hiyo yenyewe, ikitolewa kwa kondoo na kukaushwa, hukondesha watu kwa haraka. Upesi ikaingia katika vidonge vya matangazo, na mojawapo, Marmola, iliuzwa Marekani kuanzia mwaka 1907. Iliwakondesha wengine kweli, huku mioyo yao ikienda mbio na misuli ikiyeyuka pamoja na mafuta. Mbaya kuliko zote ilikuja miaka ya 1930, kemikali iitwayo dinitrofenoli, ambayo ilikuwa imetumika katika viwanda vya baruti. Iliuwasha mwili kama tanuri. Wengine walipata mtoto wa jicho wakiwa bado vijana, na wengine walikufa kwa joto la miili yao wenyewe.

Si kila kinachouzwa leo ni cha namna hiyo, na kuvitia vyote katika kapu moja si haki. Unga wa kiazi cha konjaki, unaotoka Asia, una nyuzinyuzi zinazovimba sana zikikutana na maji, zikaujaza tumbo na kuchelewesha chakula kutoka. Nchi za Umoja wa Ulaya zimeruhusu unga huo uandikwe kuwa unasaidia kupunguza uzito, ruhusa ambayo bidhaa nyingi za namna hiyo hazikuipata. Masharti yake yameandikwa wazi. Mtu ale gramu 3 kwa siku, mara tatu gramu moja moja kabla ya chakula, na kila mara anywe glasi moja au mbili za maji, maana ukimezwa mkavu unaweza kukwama kooni na kumkaba. Mwenye shida ya kumeza asiuguse. Na faida hiyo imekubaliwa kwa mtu ambaye tayari anakula chakula kilichopunguzwa nguvu. Maneno hayo huchapwa kwa herufi ndogo, na mara nyingi ndiyo yasiyosomwa. Mgonjwa wa kisukari anayetumia vidonge au sindano ana sababu moja zaidi ya kumuuliza daktari wake kwanza, kwa kuwa kitu kinachochelewesha chakula kinaweza pia kubadili kiwango cha sukari na kuchelewesha dawa.

Huko Uingereza jina la Banting lilisahaulika mdomoni mwa watu baada ya vizazi vichache. Nchini Sweden lilibaki. Hadi leo Msweden anayepunguza chakula ili apungue mwili hutumia kitenzi banta, na wengi wanaokitumia hawajui kwamba kilikuwa jina la mtu, wala kwamba mtu huyo alikuwa mzika maiti wa London.